Karani Mlangoni kwa Mama

Jumapili, 2

Mvua imeanza leo, na Bosi amerudi nyumbani leo hii hii. Bosi ni mdogo wangu. Mama alimpachika jina hilo utotoni kwa sababu alikuwa anawatuma hata wakubwa zake, na limemganda mpaka leo, ingawa kazi yake ni kulinda maghala ya watu. Mkewe amemchoka. Amekuja na masanduku mawili, godoro lililolowa, na mbwa.

Mbwa sikumtarajia. Ni mkubwa, rangi ya majivu, masikio yamesimama, na tangu aingie hajabweka wala kutingisha mkia. Alikuwa wa mwenzake wa kazini aliyefariki mwezi uliopita, na Bosi alimwahidi marehemu kuwa hatamtupa. Nikamuuliza mbwa huyo alikuwa anafanya kazi gani. Akasema kazi gani tena, Dada, ni mbwa wa nyumbani tu, anakula na kulala. Anaitwa Karani.

Mama alichungulia kutoka chumbani kwake, paka begani, akasema nyumba hii ina paka wawili na kikongwe mmoja, na wote watatu hawajaulizwa. Kisha akafunga mlango.

Jumatatu, 3

Mimi ni fundi cherehani. Sikati kitambaa kwa kukisia, na mambo ya nyumbani kwangu siyaendeshi kwa kukisia. Kwa hiyo kabla sijagusa kazi nilikwenda kwa daktari wa mifugo kuuliza namna ya kuwazoesha paka na mbwa.

Alinieleza vizuri. Wasikutanishwe ana kwa ana. Watenganishwe kwa mlango. Kila asubuhi nimpanguse paka mashavuni kwa kitambaa safi, nimpe mbwa anuse. Nimpanguse mbwa, niwape paka. Wakishazoea harufu, waonane kupitia wavu, halafu ndipo mlango ufunguliwe. Aliuliza mbwa huyo ametoka wapi na alilelewaje. Nikamwambia nilichoambiwa na Bosi.

Paka ni Tarabushi na Uzi. Tarabushi ni mweupe mwenye kofia nyeusi kichwani, mzee, mvivu, na ni wa Mama kabisa. Analala kitandani kwake tangu Mama apooze mguu. Uzi ni wangu, mwembamba, adui wa kila kibiringo cha nyuzi. Tumekubaliana wote wawili wakae chumbani kwa Mama kwa muda. Chumba hicho kiko nyuma, unashuka ngazi mbili kutoka sebuleni. Mama amekubali shingo upande.

Daktari alisema kitambaa safi. Vitambaa safi ninavyo, lakini ni vya wateja. Bosi huniita mkono wa birika na sikatai. Nikakumbuka gauni la bluu la Mama, lililopauka, ambalo Tarabushi amekuwa akililalia kwenye kapu la nguo chafu. Nikalikata vipande. Harufu ya paka tayari imo, nikajisifu, nusu ya kazi imeshafanyika.

Jumanne, 4

Kitambaa cha kwanza. Tarabushi alinuna nilipompangusa, akanipa kisogo. Nikampelekea Karani jikoni, nikamwekea puani, nikamwambia nusa, uwazoee wenzio.

Alibadilika. Alikaa wima, akavuta harufu kwa muda mrefu, akaninyanyulia macho kama anayengoja nimalizie maneno. Nikasema, haya. Akainuka, pua sakafuni, akapita sebuleni, akatoka barazani hadi kwenye kiti anachokalia Mama asubuhi, akakizunguka, akarudi ndani, akashuka ngazi mbili na kukaa mbele ya mlango wa Mama. Hakukwaruza, hakulia. Alikaa tu.

Nilifurahi sana. Amejua paka wako wapi na ametulia. Nikampa kipande cha nyama kwa adabu hiyo.

Jumatano, 5

Mvua. Kitambaa. Karani amekaa mlangoni. Nyama.

Alhamisi, 6

Vilevile. Mama alitaka kwenda barazani akamkuta hapo, akarudi ndani kimya na kuniita kwa kugonga fimbo sakafuni. Nilimvuta Karani kwa ukosi. Alikuja, lakini shingo imegeukia nyuma njia nzima.

Jumamosi, 8

Bosi alirudi kutoka zamu akanikuta nimeinama na kitambaa. Akauliza ni nini hicho. Nikamwambia ni maagizo ya daktari, kitambaa cha paka, wazoeane. Alisimama pale na koti linachuruzika maji, nikadhani hakunisikia. Halafu akasema nisimnusishe mkononi, nimtupie tu chini aokote mwenyewe.

Nikamuuliza kuna tofauti gani. Akasema hakuna, ni wazo tu, akaenda kulala. Mdogo mtu hajui hata paka wanakula nini, leo ananifundisha kazi niliyofundishwa na daktari. Nimeendelea na njia yangu.

Jumatatu, 10

Mvua haijakatika tangu jana. Nguo za wateja hazikauki, nyumba nzima inanuka unyevu na mbwa.

Mama ameulizia gauni lake la bluu. Nikamwambia limechakaa, nimelifanyia kazi nyingine. Akasema chakavu lake lilikuwa linamtosha. Mama akizeeka anashikilia vitu, hata kijiko kilichovunjika mpini anakililia. Nitamshonea jingine mvua zikiisha.

Alhamisi, 13

Leo ni wavu. Seremala alinitengenezea fremu, nikaipachika kwenye mlango wa Mama. Uzi alivimba mkia, akatema mate, akaruka juu ya kabati. Tarabushi alikaa akamkodolea macho.

Karani hakuwatazama. Nimeshangaa kidogo. Uzi alipita kwenye wavu karibu na pua yake, yeye akainamisha kichwa pembeni ili aone vizuri nyuma ya paka. Huko nyuma palikuwa na kitanda, na Mama anafunga kitambaa cha kichwa. Nikampa nyama.

Jumapili, 16

Tumefungua wavu, na leo naandika kwa raha. Nilimshika Karani kwa kamba, Bosi akasimama na ndoo ya maji tayari kuwamwagia wakipigana. Ndoo haikuhitajika. Tarabushi alishuka kitandani, akasogea, akanusa mguu wa mbwa, akapita zake. Karani alimpita kama anapita kigoda. Jioni Uzi alikuwa anacheza na ncha ya mkia wake, naye hana habari.

Nilimcheka Bosi, aliyekuwa ametoka jasho na ndoo yake. Nikamwambia hivyo ndivyo kazi inavyofanywa na wenye subira. Alicheka kidogo tu. Mama hakucheka. Alisema paka hawana shida yoyote. Alilitia uzito neno paka, nikadhani ni ubishi wake wa kawaida.

Jumatatu, 17

Daktari alisema tusiache harufu ghafla. Nitaendelea na vitambaa mpaka gauni liishe.

Jumanne, 18

Mama ameanza malalamiko. Anasema mbwa anamfuata. Akienda msalani, akitoka anamkuta mlangoni. Akikaa barazani, Karani analala kwenye ngazi, amejinyoosha upana wote. Akinyanyuka, naye ananyanyuka. Nikamwambia amempenda, Mama, mbwa huchagua mtu. Nikamwambia na Tarabushi alianza hivyohivyo.

"Tarabushi ananitazama kama mtu anayetazama chakula," akasema. "Huyu ananitazama kama ananijua kwa ubaya. Mwambie mbwa wenu mimi si mwizi."

Bosi alikuwa anakula. Aliacha kutafuna. Nikamwona, lakini sikuuliza, maana nilishachoka na vita vya nyumbani na nina sare za shule nzima za kumaliza.

Ijumaa, 21

Mvua. Kitambaa. Nyama. Mama hakutoka chumbani.

Jumapili, 23

Mfereji wa nyuma umeziba. Maji yamepanda hadi kwenye ukuta wa chumba cha Mama, na plasta imeanza kumeguka kwa ndani, mabonge mabonge. Bosi alichimba na jembe kutwa nzima, lakini taka zinatoka juu kwa watu wengine. Mama anataka kuhamia sebuleni. Nilimwambia avumilie siku chache, sebule imejaa marobota na sare zilizokatwa, nikihamisha nitachanganya saizi. Nimemwambia kwa ukali kuliko nilivyotaka.

Na jingine. Mchana alitaka kwenda kwa jirani, nyumba ya tatu tu, apumue. Karani alitangulia getini akasimama katikati. Mama akaenda kushoto, mbwa kushoto. Kulia, kulia. Hakubweka, hakutoa meno. Mama alirudi akaketi, akasema amezuiwa. Nilipotoka kuangalia, Karani alinitazama na kungoja. Sijui kwa nini, nikaingiza mkono mfukoni na kumpa nyama. Nilifikiri anangojea hiyo.

Nikiandika hivi naona sipendi kabisa jinsi alivyokuwa anangoja. Lakini paka wawili wamelala ubavuni mwake hapa, mmoja kila upande, na mtu akiwaona atasema ni picha ya kalenda. Huenda Mama anatia chumvi. Huenda na mimi nimechoka.

Jumatano, 26

Ninaandika sebuleni kwa jirani. Nisipoandika leo kesho nitaanza kuipaka rangi habari hii.

Asubuhi nilimnusisha Karani kitambaa kama kawaida, kipande cha mwisho, kile cha kola. Nikasema, haya. Bosi alikuwa zamu ya mchana. Nikafunga sare kwenye mifuko ya plastiki, nikamwambia Mama narudi sasa hivi, nikaenda kuzikabidhi shuleni.

Mvua ilinikuta shuleni. Haikuwa mvua ya siku zote. Bati lilikuwa linapiga kelele mpaka mwalimu mkuu ananiandikia kwenye karatasi anachotaka kusema. Nilimpigia Mama simu, haikupokelewa. Nikapiga tena. Nikaacha mifuko, nikatoka hivyohivyo, na njiani maji yalikuwa yananifika kwenye mashavu ya miguu, yanavuta viatu.

Nilipofungua mlango, kitu cha kwanza kuona ni paka. Wote wawili walikuwa juu ya kabati la sebuleni, wakavu. Simu ya Mama ilikuwa juu ya cherehani yangu. Nikaita. Mama akaitika kutoka chumbani, sauti ndogo, akasema niko hapa, usikimbie, taratibu.

Chumba kile kilikuwa kimejaa maji hadi magotini. Ukuta wa nyuma ulikuwa umepasuka kutoka dirishani hadi chini, na tope linaingia kwenye ufa. Mama alikuwa amepiga magoti juu ya kitanda, fimbo mkononi, maji yanagusa godoro. Na mlangoni, kwenye ngazi ya chini, maji yakimfika tumboni, Karani amesimama, uso kwa Mama.

Mama alijaribu kushusha mguu. Karani akanguruma. Sikuwahi kusikia sauti yake kabla ya leo. Mama akarudisha mguu. Mkono wa gauni lake ulikuwa umechanika begani, na nikaelewa kwamba amejaribu mara nyingi, na kila mara ameshikwa nguo na kurudishwa.

Nikasema Karani, toka. Akageuza kichwa akaniona. Akatingisha mkia.

Tangu aje hakuwahi kumtingishia mtu mkia. Alinitingishia mimi, majini, na macho yale yale ya kila asubuhi nikimwekea kitambaa puani. Alikuwa ananionyesha. Huyu hapa uliyeniagiza.

Nilivuta ukosi kwa nguvu zangu zote, hakusogea. Nilimtupia nyama, ikaelea. Bonge la plasta likaanguka nyuma ya kitanda na maji yakamrukia Mama usoni. Nikampigia Bosi. Nilimwambia kila kitu kwa sentensi moja. Nikasikia mvua ya upande wake. Nikasema mdogo wangu, kama kuna kitu unakijua, kiseme sasa.

"Alikuwa mbwa wa kukamata wezi, Dada," akasema. "Marehemu alikuwa anamnusisha kitu cha mtu, anakwenda kumtafuta, akimpata anamzuia mpaka marehemu afike. Niliogopa ungetukataa. Nilidhani ni harufu ya paka tu, sikujua kitambaa kilikuwa cha nini."

Nikamwambia kilikuwa cha Mama. Nikamuuliza neno la kumwachisha ni lipi.

"Hakuna neno. Aliyemtuma ndiye anayempokea mtu. Mkamate Mama mkono, kwa nguvu, kama unavyokamata mwizi. Mvute. Ukimshika kwa upole hatakusadiki, atadhani bado."

Mama alikuwa amesikia. Simu niliiweka sauti ya juu. Alitazama kitambaa cha kola, ambacho Karani alikuja nacho na sasa kilikuwa kinaelea kati yetu. Alikijua. Nilimwona anavyokijua. Alinyoosha mkono, akasema, "Haya. Nikamate."

Nilipita ubavuni mwa Karani. Nilimshika Mama mkono kwa upole, sikuweza vingine, nikamwinua, na Karani akanguruma na kuja mbele. Mama akasema, "Si hivyo, mwanangu. Amekwambia vipi?" Ndipo nikamkamata. Nilimkaza mkono juu ya kiwiko, nikamvuta kutoka kitandani kwa nguvu, akaanguka magotini majini, nikamvuta tena, nikamsukuma mbele yangu. Mama yangu, mwenye mguu mmoja wa kutegemea. Alilia kwa maumivu na sikulegeza.

Karani alitutazama mpaka tulipofika ngazi ya chini. Kisha akalegea mwili mzima, akatupisha, akapanda sebuleni, akajikung'uta maji, akaenda kulala chini ya kabati walipokuwa paka. Kazi yake ilikuwa imekwisha.

Tulipokuwa bado barazani tukasikia kishindo. Ukuta wa nyuma umeangukia kitanda.

Alhamisi, 27

Bosi amemchukua Karani leo kumpeleka kwenye kiwanda kimoja cha nje ya mji kinachohitaji mbwa wa aina hiyo. Tangu jana mbwa hamtazami Mama hata kidogo. Alipita miguuni pake kama anapita kigoda.

Bosi aliomba radhi amepiga magoti. Mama alimwambia ainuke, sakafu ya watu ina maji. Mimi nilitaka kumfokea. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu jana, nikayakosa, kwa sababu kila nilipofungua mdomo niliona mkono wangu mwenyewe na kitambaa, asubuhi baada ya asubuhi, na nyama juu yake.

Daktari alikuja kumtazama Mama, daktari wa watu. Karani hajamwachia hata mkwaruzo. Mkono ndio umevimba, juu ya kiwiko, na alama zilizopo ni za vidole vyangu.

Jumamosi, 29

Mvua. Tunajenga ukuta. Uzi anazunguka nyumba anamtafuta Karani. Tarabushi amelala kwenye gunia alilokuwa analalia mbwa huyo na hataki kuondoka.

Jumapili, 6

Jua, la kwanza la kueleweka. Nimeanika kila kitu, hata mimi nimejianika barazani. Mama sasa analala sebuleni. Marobota nimeyahamisha, na hakuna saizi iliyochanganyika.

Nilinunua kitambaa cha bluu, kipya, cha bei. Bosi alikiona akaniita mkono wa birika uliotoboka, na Mama akacheka, nikaona labda tumevuka. Nikachukua tepu. Nilimpima kifua, nikampima kiuno, akaniuliza kama atakuwa na mfuko. Nikasema miwili.

Kisha nikamshika mkono kupima urefu wa mkono wa gauni. Nilimshika kwa vidole viwili tu. Mama akakauka mwili mzima, akageuza uso kutazama mlangoni.

Mlangoni hapakuwa na kitu, ila Uzi amelala juani. Mama akasema samahani, mwanangu, endelea. Nilimwambia nimeshapata kipimo. Sikukipata. Mkono wa gauni nimeukata kwa kukisia.